Elfu Thelathini na Thelathini na Moja

...na hakuna wa kunisimulia, nimeyaona yote kwa macho yangu haya, nimekaa mwenyewe kwenye kiti cha kinyozi, shuka shingoni, povu mpaka puani, wembe umesimama hewani juu ya masharubu yangu, na shemeji, mdogo wa mke wangu, kakaa kwenye benchi anabonyeza simu, anaigawa namba yangu, namba niliyoizaa mimi kazini nikichomelea mageti, elfu thelathini na thelathini na moja, nani mwingine mtaa huu ana namba yake... nilichukua zile namba tasa sita za kwanza, zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, nikazizidisha zote pamoja, nikaongeza moja kwa jeuri tu, sasa gawa kwa yoyote kati ya hizo uone, moja inabaki, inakuchungulia, basi nikatangaza hapa mbele ya wateja kwamba na hii ni tasa, akiigawa mtu ikaisha bila baki masharubu yanyolewe, mdomo huu, mdomo huu utanimaliza, "Kwa hamsini na tatu inabaki thelathini na tatu," anasema shemeji, "tulia tu shem, nakuja," na kinyozi naye, "Bosi usitikisike, nikikukata usisingizie hesabu," mama watoto hajawahi kuuona mdomo wangu wa juu, alinipendea masharubu, nikirudi hivi si atanifungia mlango... "Hamsini na tisa!" shemeji karuka, "hamsini na tisa mara mia tano na tisa, imeisha shem, haikubaki hata punje!" benchi zima linacheka, cheka nyie, lakini ngoja... hamsini na tisa haikuwemo kwenye sita zangu, wala mia tano na tisa, na zisingeweza kuwemo, maana zilizomo zote zinabakisha moja... kwa hiyo hata nikusanye tasa mia, tasa elfu, nizizidishe, niongeze moja yangu ya jeuri, nitakachopata ama ni tasa mpya chenyewe ama kinagawanywa na tasa ambayo sikuikusanya, daima kuna nyingine huko nje inanicheka, haziishi, jamani, haziishi! nimeligundua kwenye kiti cha kinyozi, na povu puani, na elimu yangu ya darasa la saba hii hii, "Nianzie kushoto au kulia, bosi?" wembe bado uko hewani na mimi nacheka mpaka povu linaruka, anzia utakako, masharubu yana mwisho... na lile la mama watoto kuyapenda nimelitunga mwenyewe, kila asubuhi ananiomba niyanyoe.