Karatasi ya Tatu

Waraka ulifika Jumatatu asubuhi. Mama Mihuri, afisa ununuzi wa halmashauri, aliusoma amesimama, mkoba ungali begani. Kikomo cha kununua moja kwa moja kilikuwa kimepandishwa. Tangu sasa kazi isiyozidi milioni tano ingeweza kupewa fundi mmoja bila kushindanisha bei. Zamani mwisho ulikuwa milioni moja. Aliubandika ubaoni, akakaa, akavua viatu chini ya meza. Hiyo ilikuwa sheria ya nne tangu aanze kazi, na miguu ilikuwa ile ile.

Alitaka kumpigia simu Fundi, seremala wao wa siku zote. Shule ilihitaji madawati arobaini, na ofisi nzima ilijua nani atayatengeneza. Lakini mkurugenzi aliita, wakaguzi wakaita, na simu ikasahaulika.

Jumanne Fundi akaja mwenyewe na bahasha tatu za bei, kama alivyokuja miaka kumi na tisa: yake, ya mpwa wake, na ya seremala wa ng'ambo ya soko. Hizo mbili za mwisho wenyewe waliziita wasindikizaji. Kazi yao ilikuwa kumfikisha bwana harusi mlangoni, kisha warudi kwao. Masjala walizigonga mhuri, wakaziandika daftarini, wakazileta. Mama Mihuri akazifungua macho yakiwa dirishani, kama mtu anayemenya vitunguu. Kisha akatazama.

Fundi: milioni nne na laki mbili. Mpwa: milioni nne na laki sita. Seremala wa ng'ambo ya soko: milioni tatu na laki nane.

Seremala wa ng'ambo ya soko alifariki mwaka juzi. Mama Mihuri alikwenda mazikoni.

Fundi alikuwa bado kwenye benchi la ukumbini. Akamwita.

"Dada, mbona umekunja uso?"

"Marehemu amekushinda kwa laki nne."

Fundi akaichukua karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Lo! Hii bei ya mwaka jana. Mbao zimepanda, nikapandisha yangu na ya kijana. Yeye nikamsahau."

"Huko aliko mbao hazipandi."

Wakacheka, kicheko kifupi kisichofika tumboni.

"Nipe kalamu nirekebishe."

"Imeshaingia daftarini. Mhuri huu hapa."

"Mihuri si ndilo jina lako?"

"Jina langu, lakini mali ya ofisi. Kaka, ukitoka soma ubaoni. Ungekuja na karatasi moja. Moja tu! Kikomo kimepanda."

Fundi akaketi taratibu. "Na hukuniambia."

"Sikukuambia. Nilichoka."

"Basi zitupe hizi, unipe kazi moja kwa moja. Si ndiyo sheria yenyewe?"

Mama Mihuri alikwisha kulifikiria hilo. Lakini sheria mpya ilidai ukurasa mmoja: afisa aeleze kwa nini amemchagua mtu huyu na alimpataje, kisha atie saini. Zamani karatasi tatu zilimsemea. Yeye alitia saini chini, akaenda kunywa chai. Sasa ilibidi aseme mwenyewe, na daftari la masjala lilikuwa pale kumsuta. Ilibaki miezi mitano astaafu. Uongo wa kutia saini aliuzoea. Wa kutunga mwenyewe, tangu herufi ya kwanza, ulimshinda nguvu.

Akavuta karatasi, akaandika huku Fundi akimtazama. Alipomaliza akasoma kwa sauti: "Bei tatu zilizopokelewa zimeandikwa na mtu mmoja. Mwombaji wa tatu ni marehemu. Afisa ununuzi aliujua mtindo huu, mwaka huu na miaka ya nyuma. Kazi itangazwe upya."

Nje ya mlango mtu alikuwa anapiga deki, ndoo ikiburutwa sakafuni.

"Na mimi?" Fundi akauliza.

"Watakufungia usiombe kazi. Mwaka, labda miwili."

"Nina mbao uani za madawati yote arobaini. Nimeshaziranda."

"Najua."

"Na wewe je, dada? Miezi mitano tu."

Mama Mihuri akainua mabega, akayashusha.

Fundi akaweka kiganja kwenye meza iliyokuwa kati yao, akaitikisa. Haikucheza. Ilikuwa kazi ya mikono yake. "Hii niliileta lini?"

"Nilipohamia chumba hiki. Miaka kumi na moja."

"Hilo nalo ungeliandika."

Mama Mihuri akamgeuzia karatasi. Chini kabisa, juu ya saini, palikuwa na mstari ambao hakuusoma kwa sauti: *Madawati yake ni imara.*

Fundi akausoma mara mbili. Akavaa kofia yake, akasema, "Haya, dada," akatoka bila kufunga mlango.

Mama Mihuri akatafuta viatu kwa vidole vya miguu, akavivaa. Mhudumu wa kupeleka barua alikuwa hayupo. Akaichukua karatasi akaipeleka mwenyewe kwa mkurugenzi, akipita pembeni pembeni ya ukuta, kwa kuwa sakafu ilikuwa bado mbichi.