Wajukuu wa Bibi Mmoja

Vita ya Wazungu ilimchosha Loisi kabla haijafika Mkonze. Ilimchosha kwa mdomo wa mumewe, mzee Matonya. Tangu Abbasi, mchuuzi wa chumvi kutoka Kondoa, alipomwambia kwamba mfalme wa Wadachi, yaani Wajerumani, na mfalme wa Waingereza ni wajukuu wa bibi mmoja, mzee hakuwa na habari nyingine. Akila ugali, ni bibi. Akirudi machungani, ni bibi.

"Ndugu wakigombana, wazee huwakalisha chini, mkosaji akatoa ng'ombe, yakaisha," alisema. "Hata Wazungu wana wazee."

"Baba Methusela, wana mizinga," alijibu Loisi.

Kila Mgogo mwenye akili huwagawa ng'ombe wake kwa marafiki wa mbali wamchungie, ili balaa likishuka hapa, kule wabaki wengine. Majirani walikwisha kuwatawanya wa kwao. Gideoni, kaka yake Loisi, alikuja kwa miguu kutoka Mtera kulichukua kundi la shemeji yake. Matonya akamlisha vizuri, akamsimulia habari za bibi, akamrudisha mikono mitupu. Loisi alitamani kumtwanga mtu na mchi.

Askari wa Wadachi walipokuja kutafuta nyama ya jeshi, Loisi alipata nafasi ya kumkokota ng'ombe mmoja tu, yule mwenye maziwa, akamficha kwenye vichaka vya korongoni. Wengine wote walikwenda. Methusela, mtoto wao, alikuwa amekwisha kuchukuliwa kubeba mizigo ya vita, na mkewe alikufa kwa uzazi. Aliyebaki ni kichanga chao, na kichanga hicho kiliishi kwa maziwa ya ng'ombe yule.

Kiangazi kile Wadachi wakakimbia, Waingereza wakaingia Dodoma. Matonya akajifunga shuka yake nzuri.

"Unakwenda wapi?"

"Bomani. Deni la mtu ni la ukoo wake. Mdachi kala ng'ombe wangu, binamu yake Mwingereza atalipa."

 Loisi akambeba mjukuu mgongoni, akamfuata, walau amzibe mdomo.

Hakuwahi; mzee alikwisha kutoa dai lake. Mkalimani alicheka hadi akashika nguzo, kisha akamtafsiria Mzungu, naye Mzungu akauliza swali fupi.

"Bwana anauliza, kwa hiyo nyumbani hamna ng'ombe hata mmoja?"

Loisi akamfinya mumewe. Lakini mila ya Kigogo ina sheria yake: mdai akificha kitu mbele ya baraza, kesi imekufa. Na Matonya alikuja kushinda.

"Yupo mmoja," alisema kwa fahari. "Mke wangu kamficha korongoni. Huyo simdai."

Jioni ile ile askari wa Mwingereza walimtoa korongoni. Nao walikuwa na njaa ya nyama, sawasawa na wale wa kwanza.

Matonya aliketi mlangoni pa tembe. "Wakipatana watarudisha," alisema, ila safari hii kwa sauti ndogo.

Ndani mtoto alianza kulia. Loisi alimtoa, akamweka mapajani pa mumewe pamoja na kibuyu cha maziwa, kitupu.

"Mshike," alisema. "Mweleze na yeye kwamba ni wajukuu wa bibi mmoja."