Vifaranga Chini ya Lakiri

Vifaranga elfu moja na mia mbili wa Mama Loy wa Paya walifika mpakani Busia saa tatu asubuhi, siku ya Jumatano, wakiwa hai wote. Walikuwa wanapiga kelele ndani ya gari la Ogwang mpaka mtu aliyesimama nje ilimbidi apaze sauti ndipo asikike. Walikuwa wametotolewa jana yake, upande wa Eldoret. Kifaranga wa siku moja haombi chakula wala maji, kwa sababu kiini cha yai bado kinamlisha tumboni siku mbili au tatu. Asichokiweza ni joto likizidi. Gari likitembea, upepo unaingia kwa matundu ya ubavuni na wote wanapumua. Gari likisimama juani, mlango wake umefungwa kwa lakiri ya forodha, hapo kila saa inayopita ni ya hatari.

Na gari lilisimama. Usimtafute mtu wa kumlaumu upesi, maana huyo tutamfikia. Lilisimama kwa ajili ya sanduku jeupe lisilozidi ukubwa wa mkate, lililopigiliwa ukutani kwenye ofisi ya Oundo, wakala wa kutoa mizigo. Sanduku hilo ndilo lililogawa mtandao wa ofisi na wa uwanja wa kuegesha magari. Asubuhi hiyo lilikuwa linaanguka na kuamka, linaanguka na kuamka. Fomu za vifaranga zilikuwa kumi na moja, kila moja na picha zake, na mtandao ukikatika kabla zote hazijafika, zilianza upya.

Mfumo wa vibali ulimtambua Oundo kwa laini moja tu, ile ya ofisi. Ukijaribu kwa simu, ulikukataa. Kumpa wakala mwingine mzigo kulitaka kwanza Oundo afute maombi yake, na kuyafuta kulitaka laini ileile. Ofisa wa forodha alikuja mara mbili kuliangalia gari, akasikitika kwa dhati, akasema lakiri haikatwi bila kibali. Alikuwa anasema kweli, na ukweli wenyewe haukumsaidia mtu.

Ndipo akaitwa Apendi. Apendi alikuwa fundi wa mitandao, ndiye aliyelifunga sanduku lile, na pia alikuwa binti wa Mama Loy. Alifika saa nne, kofia ya pikipiki bado kichwani.

"Ni ule ugonjwa wa siku zile?" Oundo aliuliza.

"Ndio huohuo, mzee."

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na mwezi mzima. Sanduku lilikaa salama siku nyingi, halafu siku moja lianguke mara tano, halafu litulie tena. Apendi aliutafuta Jumapili tatu mfululizo baada ya ibada, na alikuwa na hakika ameupata. Ndani ya kila sanduku kama lile mna programu mama inayoendesha zote nyingine, mafundi huiita kiini. Habari zinazosafiri mtandaoni hukatwa vipande, kila kipande ni pakiti, na kila pakiti huandikwa usoni urefu wake. Kiini chenye akili hakiamini maandishi hayo. Kinapima kwanza kilichofika, ndipo kinasoma. Kisipopima, pakiti ikadai mimi ni sitini na nne kumbe imefika arobaini, kiini kitasoma zile arobaini halafu kitaendelea tu, kiingie kwenye kumbukumbu ya mambo mengine yasiyokihusu, kivurugike na kuanguka.

"Kumbe ni kama lori," Oundo alisema alipoelezwa. "Karatasi inasema magunia mia nne, na ofisa hapandi juu kuhesabu."

"Ndivyo hasa."

"Na nani huyo hakupanda?"

"Aliyeandika mistari ile, mzee. Sijui yuko wapi, sijui aliandika lini."

Mistari ya kiini ilikuwa wazi, mtu yeyote duniani aliweza kuisoma. Apendi alipaona mahali pasipo na kipimo. Akaandika mistari miwili ya kupima na kuwatumia watunzaji wake huko ng'ambo. Walimjibu kwa adabu kwamba bila rekodi ya anguko lenyewe hayo ni makisio, awaletee rekodi. Waliotengeneza sanduku nao walimjibu kwamba barua yake imepokelewa. Na sanduku lao halikukubali programu isiyo na sahihi yao. Basi dawa alikuwa nayo mkononi, na mgonjwa alikuwa amefunga mdomo. Mambo ya namna hii humtia mtu wazimu, lakini Apendi alikuwa mpole, akang'ata kucha tu.

Simu yake ililia mlio mfupi. Ulikuwa ujumbe kutoka kwenye kipimo cha joto ndani ya gari: nyuzi thelathini na tano.

Kipimo hicho alikitengeneza mwenyewe, na nikuambie alikionea fahari. Kilikuwa kidude cha ukubwa wa kiberiti. Mwezi uliopita alimwomba Ogwang akifunge kwa skrubu ndani ya gari, apate kukijaribu kabla ya siku ya mama yake, na Ogwang akazunguka nacho akipeleka vifaranga wa watu wengine. Joto likipanda nusu nyuzi, kilituma habari. Barabarani kilituma ujumbe wa kawaida wa simu. Kilipofika uwanjani kwa Oundo kilijaribu kwanza mtandao wa pale, ili kisile bando, na kikishindwa kinarudi kwenye laini ya simu. Alikipa jina la mama yake, Loy.

Mama mwenyewe alipiga simu saa tano.

"Mwanangu, niongeze makaa au niache? Nyumba yao imeshapata joto zuri."

"Acha kwanza, Mama."

"Wako salama?"

"Wanalia," Apendi alisema. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Mama Loy aliijenga nyumba ile ya vifaranga miezi minne, kwa udongo wake na mikono yake. Ng'ombe wawili walikwenda kwa ajili ya vifaranga wale, na baada ya ng'ombe hao hakubaki na wengine. Watu wa Paya walimwambia binti yako yuko Busia kwenye mipaka na mitandao, kwa hiyo mzigo wako hauwezi kukwama. Naye alikuwa amewaamini.

Apendi akaanza kufanya yale ambayo fundi hufanya. Alibadilisha waya. Akabadilisha soketi, akapunguza kazi za sanduku, akaomba majirani wasipitie laini ile. Kila mara fomu zilikwenda tatu, nne, mara moja zikafika saba, halafu taa nyekundu. Baada ya kila anguko alifungua kile kichumba kidogo cha kumbukumbu ambamo sanduku huandika maneno yake ya mwisho kabla halijazimika. Kila mara alikikuta kitupu. Sanduku likiamka lenyewe maneno yale hubaki. Likikatiwa umeme hufutika yote.

Thelathini na sita na nusu. Thelathini na saba. Jua lilipopanda, sanduku nalo lilizidi kuanguka, na Apendi alidhani ni wingi wa kazi za mchana.

Ogwang alikuwa nje, anamwaga maji juu ya paa la gari kwa ndoo. Mzee Oundo mwenye miaka sitini alikuwa anapepea matundu ya ubavuni kwa ubao wa katoni, jasho linamtoka mpaka kwenye soksi. Apendi alitoka kuwaangalia, akaweka sikio kwenye bati. Kelele ilikuwa imebadilika, sasa ilikuwa nyembamba na ya kukatikakatika.

"Sista, kifaranga nachoka," Ogwang alimwambia. "Mimi nasikia. Saa ile walikuwa wanaimba."

Apendi alirudi ndani amejaa hasira isiyo na pa kwenda. Taa nyekundu ikawaka tena mbele yake, na papo hapo ikazimika kabisa, ikawaka upya. Ndipo alipouona mguu wa Damalie. Damalie, karani wa Oundo, alikuwa ameketi kwenye kompyuta yake, macho kwenye fomu, na kidole gumba cha mguu wake kimetulia juu ya swichi ya soketi chini ya meza.

"Damalie, unafanya nini hapo chini?"

"Si nazima, nawasha? Ndivyo ulivyotufundisha." Alionyesha ukuta. Karatasi ilikuwa palepale, mwandiko wa Apendi mwenyewe, herufi kubwa: MTANDAO UKIFA, ZIMA. HESABU KUMI. WASHA. "Siku hizi hata sihesabu. Kikiwaka chekundu tu, mguu unajua."

Karatasi kama ile Apendi aliibandika kwenye kila ofisi aliyoihudumia, kuanzia mpakani hadi Mukuju. Mwezi mzima aliwaambia watu wa ng'ambo kwamba rekodi hazipatikani, na mwezi mzima kidole cha Damalie kilikuwa kinazifuta kwa utiifu.

"Toa mguu," alisema. "Likianguka, liache liamke lenyewe."

Lilianguka saa saba na robo. Waliliangalia wote watatu, Oundo mlangoni na katoni yake mkononi. Dakika nne zilipita, likaamka. Apendi alifungua kichumba, na safari hii kilikuwa na maandishi.

Alisoma kwa pupa. Mahali pa anguko palikuwa palepale alipopataja, mstari kwa mstari. Kwa muda mfupi alifurahi, na furaha ile alikuja kuionea aibu siku nyingi baadaye. Halafu akashuka chini kidogo, penye ile pakiti yenyewe iliyoliangusha sanduku. Urefu uliodaiwa ulikuwa sitini na nne. Urefu uliofika ulikuwa arobaini. Pembeni, katikati ya namba na alama zisizo na maana, kulikuwa na herufi tatu ambazo mtoto wa darasa la kwanza angezisoma.

LOY.

Simu yake ikalia mlio mfupi. Thelathini na tisa.

Alikumbuka yote kwa mara moja, na hakuna aliyemsaidia kukumbuka. Kipimo kilikuwa kinatuma jina, joto, saa na mahali. Aliondoa mahali ili kubana bando, maneno yakapungua, lakini namba ya urefu aliyoiandika usoni akaiacha vilevile. Alisema ataibadilisha Jumapili. Jumapili akashika kazi ya kumtafuta aliyesahau kupima. Kila joto lilipopanda nusu nyuzi, kipimo chake kililiangusha sanduku, kikarudi kwenye laini ya simu na kumpa habari. Vifaranga walivyozidi kuungua ndivyo njia yao ilivyozidi kufungwa. Na kidude chenyewe kilikuwa ndani ya gari, nyuma ya lakiri, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki.

"Umeona nini?" Oundo aliuliza.

"Ni mimi, mzee."

Oundo hakuelewa, na hapakuwa na nafasi ya kuelezwa. Apendi alizima mtandao wa hewani, ule ambao kipimo kiliutumia, akaacha waya wa Damalie peke yake. Ilimchukua muda wa kufungua na kufunga mlango. Fomu zilikwenda moja baada ya nyingine, zote kumi na moja, bila kukwama hata mara moja. Walioshughulikia vibali walifanya haraka kadiri walivyoweza, na kibali kilitoka saa tisa kasoro. Ofisa alikata lakiri yeye mwenyewe, kisha akarudi nyuma hatua mbili kwa sababu ya hewa iliyotoka.

Ndani kulikuwa kimya. Waliteremsha makasha kivulini na kuyafungua. Vifaranga walikuwa wamelaliana, midomo wazi, manyoya yamelowa. Kwenye makasha mawili yaliyokuwa karibu na matundu, yale yaliyopepewa na Oundo, kulikuwa na wanaotikisika. Ogwang aliwahesabu mmoja mmoja. Walikuwa sitini na mmoja, wakawatia wote kwenye kasha moja.

Walifika Paya jua likiwa bado juu ya migomba. Mama Loy alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba ya vifaranga, kitambaa kipya kichwani. Alipokea lile kasha moja, akalitazama, akaangalia kama kuna lingine nyuma ya Ogwang. Hakulia. Aliwaweka wale sitini na mmoja ndani mwenyewe, akawachovya midomo majini kila mmoja, nao wakakusanyika kwenye pembe moja ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya elfu.

"Mama," Apendi alisema, "ni kile kipimo changu. Ndicho kilichoua mtandao. Niliandika namba ya uongo."

"Ofisi za mpakani zina mambo yao," Mama alisema.

"Si ofisi. Ni mimi. Kisingekuwamo garini, wangepita saa tatu."

"Usijisumbue hivyo, mwanangu. Kile kilikuwa kinatwambia hali yao. Bila hicho tungejuaje?"

Apendi alirudia mara ya tatu, polepole, kwa Kidhopadhola, akitumia magunia na lori la Oundo. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika bega na kumwambia amechoka, akae. Halafu akamwendea Ogwang, akaomba kile kidude kitolewe garini. Alikifuta vumbi kwa kitambaa chake, akakitundika kwenye msumari juu ya vifaranga waliobaki.

"Haya," alimwambia binti yake. "Kiwashe, kiwaangalie hawa."