Ndiyo, Afande

Babu yangu alipiga mizinga jeshini miaka kumi na tisa, na mizinga ikamla masikio yote mawili. Ombi lake la fidia ya ulemavu lilikataliwa kwa sababu moja tukufu. Siku ya kupimwa, daktari wa jeshi aliinamia fomu yake akauliza, "Mzee, unasikia vizuri?" Babu alipoona kalamu imesimama, akakakamaa: "Ndiyo, afande!"

Hana jibu jingine. Kwa askari wa zamani, kumwambia mkubwa "sikusikia" ni utovu wa nidhamu. Angeulizwa kama ana mimba, angekubali.

Nilipofunga shule nikaisoma ile barua ya kukataliwa. Nikamwandikia rufaa. Tukaitwa mbele ya kamati: watu watatu, feni moja mbovu, na mwenyekiti mwenye nyota mabegani.

"Mzee anasikia," mwenyekiti akasema, akigonga jalada kwa kidole. "Alijibu maswali yote."

"Shikamoo, afande," nikasema kwa adabu zote za bweni. "Naomba umwulize moja tu. Nimeliandika hapa."

Akaipokea karatasi, akaanza kusoma kwa sauti ya gwaride kabla macho hayajafika mwisho. "Je, mwenyekiti wa kamati hii ni mjinga?"

"Ndiyo, afande!" Babu akapiga saluti, visigino vikalia.

Karani akajificha nyuma ya jalada, mabega yakimcheza.

"We binti! Una wazimu?"

"Hapana, afande. Naomba iandikwe. Kama babu anasikia, huo ni ushahidi wake, tena kwa akili timamu. Kama hasikii, fungueni jalada upya. Chagueni."

Babu alikuwa bado amesimama wima, mkono kwenye paji la uso, akisubiri aruhusiwe kuushusha. Hakuna aliyemruhusu. Nikaenda nikaushusha mwenyewe, na utani wote ukaniishia.

Muhuri ukagongwa: LIFUNGULIWE UPYA. Masikio yapimwe tena baada ya miezi minne.

"Aliuliza nini yule?" babu akapaza sauti ukumbini.

Nikamwandikia: *Kama unastahili.*

"Basi nimejibu vizuri."

Tukapita chumba cha kupimia masikio. Mlangoni palibandikwa tangazo: MTAITWA KWA MAJINA. ASIYEITIKA ATAHESABIWA HAKUFIKA.

Nililisoma mara mbili. Kisha nikalibandua, nikalitia kwenye bahasha ya babu, na juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: KIELELEZO CHA PILI.