Usingizi wa Kilo Tisa na Robo

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe tisa Juni, saa tatu kasoro robo asubuhi, pale mke wa fundi viatu aliporudi kutoka safari ya kikazi bila usingizi wake. Alifungua begi juu ya kitanda, akatoa nguo, akatoa kile kimfuko cha baridi cha insulini, akatoa kisanduku cha chuma chenye mawe ya mizani. Kisha akalikung'uta begi tupu mara mbili.

"Usingizi wangu umebaki," akasema.

"Umeangalia mfuko wa pembeni?" mumewe akauliza kutoka kibarazani, macho yakiwa kwenye kisigino cha kiatu.

"Nimeangalia."

"Basi utakuja. Si huwa unakuja?"

Ni kweli, huwa unakuja. Kwa miaka kumi na mmoja mwanamke huyo alizunguka dunia kwa ndege akikagua mizani za viwandani, zile kubwa za magunia na zile ndogo za vidonge, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Mizani. Kila aliporudi, usingizi wake ulichelewa siku moja au mbili, kisha ukaingia wenyewe kwa mlango wa jikoni, una vumbi miguuni, naye akalala. Kwa mtu mzima wa afya hilo si neno. Lakini Mama Mizani alikuwa na kisukari. Asipolala sukari inapanda. Akichoma sindano bila kula inashuka, na ikishuka hapigi kelele, anaanza tu kuongea polepole kama mtu anayehesabu. Mumewe aliiacha shule darasa la nne. Gazeti lilimshinda, ila namba za kile kipimo cha tone la damu alizisoma hata bila miwani.

Ijumaa akaja mtu wa uwanja wa ndege na furushi lililozungushiwa nailoni.

"Shikamoo mzee. Ni hapa kwa Mama Mizani? Usingizi wake huu. Ulipanda ndege siyo."

"Marahaba. Kilo ngapi?"

"Tisa na robo. Weka sahihi hapa."

Mama Mizani alitoka, akauweka kwenye mizani yake mwenyewe. Ulikuwa kilo tisa kamili.

"Robo wameidokoa njiani," akasema, akaubeba ndani.

Hakupata nafasi ya kuulala. Safari nyingine ilikuwa jioni ile ile. Alikaa jikoni akampigia simu Bwana Ratiba, yule mtu wa makao makuu anayepanga nani aende wapi.

"Usingizi wangu ndio kwanza umefika," akamwambia. "Nipe siku mbili tu niulale."

"Dada yangu, mapumziko yako yalianza ndege ilipogusa ardhi, kwa saa ya makao makuu. Yameisha jana."

"Jana sikuwa nao."

"Kampuni inasafirisha mawe, dada. Usingizi ni mzigo wako binafsi."

Hakuwa mkali. Aliongea kwa upole, kama anayemwambia mtu kwamba viti vya dirishani vimejaa. Watu wa namna hiyo hawana sababu ya kufoka. Jua likizama wanalala kwao, kwenye mashuka yao, na kesho yake wanaamka kupanga jua la wenzao.

Mama Mizani akaenda. Furushi likasukumwa chini ya kitanda. Aliporudi likaja la pili, akaenda tena likaja la tatu, na kufikia Septemba yalikuwa saba. Mengine yalihamia stoo, kati ya ngozi na makopo ya gundi. Siku za jua fundi aliyatoa na kuyaanika kwenye kamba yasivunde.

Daktari wa kliniki aliletewa moja alione. Akalinyanyua, akalirudisha mezani taratibu.

"Huu haulaliki kwa mkupuo," akasema. "Ni kidogo kidogo, kama dozi. Miezi mitatu asipande ndege."

Akaandika barua. Makao makuu waliigonga muhuri wa IMEPOKELEWA na kuiweka imsubiri mkubwa aitie sahihi. Mkubwa alikuwa safarini. Mkubwa akisafiri hukaa kwenye kiti kinachogeuka kitanda, na usingizi wake hupandishwa pamoja naye, umepakatwa kama mtoto mchanga. Haujapotea hata siku moja.

Mwezi wa kumi fundi alifanya kosa. Ilikuwa mchana, joto kali, wateja hakuna. Alikuwa anaanua mafurushi, na yeye mwenyewe alikuwa na wiki kadhaa za kulala jicho moja, simu iko kifuani, akisubiri mkewe amsomee namba za sukari kutoka nchi ambazo hakuwahi kuzisikia. Akakalia furushi la Agosti aone tu lilivyo laini. Aliposhtuka, alikuwa ameshalala saa tano zisizo zake.

Ndani ya usingizi ule aliyaona ya mkewe. Alimwona chooni ndani ya ndege, magoti yamegusa mlango, anajichoma sindano huku ndege inaruka ruka. Alimwona anakula biskuti asubuhi iliyokuwa bado ni jana. Halafu akamwona amesimama mbele ya meza ya Bwana Ratiba anaomba kazi ya kukaa ofisini. Alimwona pale mara sita, kwa nguo sita tofauti, na mara zote sita Bwana Ratiba alisema, "Tutaangalia."

Mama Mizani aliporudi, mumewe hakumzungusha.

"Nimekulalia saa tano. Lile la Agosti."

Akalipima. "Kilo moja na nusu imekwenda. Ulikoroma?"

"Nitajuaje?"

"Utakuwa ulikoroma. Wangu ni wa kimya, sasa umeshaufundisha tabia."

Fundi hakucheka. "Umeomba kazi ya mezani mara sita. Mbona hukuniambia?"

Mkewe aliendelea kukunja nguo. Alikunja blauzi, akaikunjua, akaikunja upya.

"Ungefanya nini? Ungebeba nyundo uende kule."

"Ningekwenda."

"Ndiyo maana sikukwambia, fundi."

Wiki ile alipata siku mbili, akalala kilo tatu. Sukari ikatulia. Alikaa kibarazani akamshikia mumewe viatu wakati wa kupiga gundi, na alikuwa akiongea haraka haraka kama zamani. Fundi akaanza kupiga mahesabu ya mafurushi: kwa mwendo huo, ifikapo Aprili stoo ingekuwa tupu.

Novemba akasafiri kwenda kukagua kiwanda kimoja tu, arudi Ijumaa. Alhamisi Bwana Ratiba akapiga simu: kuna mizani nyingine ng'ambo ya bahari, na kwa kuwa dada yuko njiani, aipitie. Kufika huko ndege inavuka mahali ambapo tarehe inarudi nyuma. Kwa hiyo Jumamosi ile ilikuwa na jioni mbili.

Mama Mizani alikuwa ameagizwa kuchoma sindano kila jioni. Jioni ya kwanza alichoma angani. Akatua, kumbe ni mchana wa Jumamosi ile ile, akaenda kiwandani, akapima, akaweka sahihi. Alipoingia chumba cha hoteli jioni ilikuwa imerudi dirishani, nyekundu, imekamilika. Akachoma tena. Kati ya jioni na jioni zilipita saa kumi na nane tu. Chakula alikiacha kwenye sinia, amechoka. Sukari ikashuka, na ndani ya chumba kile hapakuwa na mtu wa kusikia jinsi alivyoongea polepole, amkorogee maji ya sukari.

Kisanduku cha mawe kilirudishwa makao makuu kesho yake kwa ndege ya haraka, hakikuchelewa hata dakika. Mwili ulifika baada ya siku nane. Uliambatana na bahasha yenye karatasi mbili, ambazo fundi alisomewa na daktari. Ya kwanza ilisema kwamba kwa saa ya makao makuu marehemu alifariki Jumapili, siku ya mapumziko, kwa hiyo hakuwa kazini, na kampuni inasikitika. Ya pili ilikuwa barua ya daktari mwenyewe. Mkubwa alikuwa amerudi, ameitia sahihi. Miezi mitatu bila kupanda ndege: imekubaliwa.

Usingizi wa mwisho uliletwa Januari. Ulikuwa kilo hamsini na mbili, uzito aliokuwa nao Mama Mizani siku alipoolewa.

"Pole sana mzee wangu," alisema mtu wa uwanja wa ndege. "Huu mkubwa inabidi mwenyewe aweke sahihi."

"Mwenyewe hayupo."

Yule mtu akaitazama fomu, akamtazama fundi. "Weka wewe."

Wakaushika huku na huku, wakaulaza kitandani upande wa ukutani. Upo hapo mpaka leo. Fundi analala upande wake na hajaugusa. Haukoromi, ni wa kimya, kama mwenyewe alivyosema.

Machi yule mtu alipita tena, furushi dogo begani, akaulizia nyumba ya dada mmoja anayekaa nyuma ya zahanati, mwenye pumu. Dada huyo ndiye aliyekabidhiwa kisanduku cha mawe. Fundi akamwelekeza, akamwambia amsisitize alipime kabla ya kusaini.

Kila mwezi fundi huenda makao makuu na barua aliyoiandika kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa, sentensi moja. Kila mwezi wanaigonga muhuri, wanampa nakala, wanamwambia mkubwa yuko safarini. Nakala sasa ni kumi na nne, amezitundika kwenye msumari juu ya ngozi, na zote zinauliza kitu kimoja: ile jioni ya pili, aliipanga nani?