Sentensi ya Uongo Haina Alama

Sheria ile niliiweka mimi, Melania, kwa hiyo asitafutwe mwingine wa kulaumiwa.

Kabla ya kuja Guangzhou, China, kununua nguo, nilifundisha Kiingereza sekondari kule Bukoba miaka tisa. Ualimu niliuacha, ila wenyewe haukuniacha. Mwaka 2009, kati yetu Watanzania tuliokaa karibu na mtaa wa Dengfeng, walikuwapo watoto wanne wa umri wa sekondari ambao hawakuwa shuleni. Shule za wageni wazazi hawakuziweza, na za Wachina watoto hawakuzielewa. Walishinda ndani wakicheza mchezo wa nyoka kwenye simu zao za laini mbili, huku mama zao wakilalamika kwamba simu zimewaharibu. Nikawaambia wale akina mama waache kelele, wanipe namba za hao watoto.

Mchezo wangu ulikuwa hivi. Asubuhi ninatuma meseji yenye kazi moja ya sarufi. Ikifika saa kumi jioni, kila mmoja awe amenijibu kwa sentensi moja ya Kiingereza. Sentensi iliyonyooka ina alama kumi. Anayeongoza wiki nzima anachagua mlio wa simu yangu kwa wiki inayofuata.

Wiki ya kwanza waliniletea upuuzi. Paka yuko juu ya mkeka. Paka gani? Nani kati yao alikuwa na paka, au mkeka? Walikuwa wananakili vitabu, na mimi hasira zangu haziko mbali. Nikawatumia sheria wote wanne, kwa Kiingereza cha herufi kubwa: kila sentensi iwe ya kweli na itoke nyumbani kwako, sentensi ya uongo haina alama. Hapo ndipo walipoanza kuandika. Mama ameungua mkono kwa mafuta. Tumekula wali mkavu tangu juzi. Makosa yakapungua, maana mtu akisema jambo lake mwenyewe hulisema kwa uangalifu. Nilijiona mjanja kweli.

Aliyewashinda wote ni Lulu, binti wa miaka kumi na mitano, mtoto wa Haroun muuza viatu na mkewe Mwanakhamis. Lulu ana kwa ana alikuwa hasemi. Ukimsalimia anaitikia akitazama viatu vyako. Kwenye simu alikuwa mtu mwingine. Aliongoza wiki tatu mfululizo, akanichagulia mlio wa jogoo. Nikawa napita masoko ya Liuhua nikiwika mkobani, wenye maduka wanacheka hadi wanashika matumbo, na mimi nasonya. Lakini sikuubadilisha. Nilimpenda yule mtoto.

Kuna jambo jingine dogo nililifanya, na wote tulilifanya. Sisi hatuhifadhi jina la mtu peke yake kwenye simu. Akina Kasmir ni watatu, akina Jovitus ni wawili, sasa utampigia nani? Kwa hiyo unaandika Kasmir Mizigo Huangpu, yule wa mizigo ya bandarini, au Jovitus Jinzi. Wanafunzi wangu hawakuwa na biashara, nikawaandika, kwa Kiingereza kama kazi zao, kwa jengo, ghorofa na chumba, ili mmoja akiugua nijue pa kukimbilia. Lulu alikuwa Lulu Haroun Jengo la Nyuma 1207, yaani ghorofa ya kumi na mbili, chumba cha saba.

Mwezi wa kumi viza ya Haroun iliisha, na alipoomba nyongeza akanyimwa. Siku hizo polisi walikuwa wanasimamisha watu Dengfeng mchana kweupe kukagua pasipoti. Haroun akaacha kutoka. Viatu vyake akamwachia mkewe, ambaye karatasi zake na za mtoto zilikuwa sawa mpaka mwisho wa mwaka, yeye Haroun akakaa ndani akisubiri shehena yake ya mwisho ipakiwe ili aondoke nayo bila kukamatwa. Zilibaki siku kumi na moja. Tulijua sote, na nje hakuna aliyethubutu kulitamka.

Alhamisi moja nikatuma kazi ya siku: taja jambo lililoanza siku kadhaa zilizopita na bado linaendelea. Saa saba mchana nikasimamishwa mtaani. Pasipoti yangu ilikuwa kwa wakala aliyekuwa akinishughulikia viza, mkononi nina nakala kivuli tu. Kivuli hawakukitaka. Nikapelekwa kituoni, nikakalishwa, mkoba ukamwagwa mezani, wakala akapigiwa simu alete stakabadhi.

Sikuwa na hofu. Karatasi zangu zilikuwa safi, na mdomo wangu unajulikana. Mbele yangu alikaa askari wa kike, kijana, mwenye Kiingereza kizuri kuliko wenzake. Alikuwa na adabu, hata maji ya moto alinipa.

Saa kumi kasoro robo jogoo akawika.

Yule askari akashtuka, kisha akacheka. Mimi nikacheka naye, Mungu anisamehe. Akaichukua simu, akafungua meseji, akaisoma polepole huku midomo ikicheza. Kisha akanisomea kwa sauti, kama mwanafunzi anayetaka kusahihishwa. Sentensi ilisema: Baba hajatoka nje ya chumba chetu tangu Jumatatu ya juma lililopita, kwa sababu viza yake imekwisha.

Ilikuwa imenyooka. Hapakuwa na kosa hata moja.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Mwanafunzi wangu. Ni mchezo wa kujifunza Kiingereza kwa simu. Watoto wanabuni tu. Hakuna ukweli humo."

Akaitikia kwa kichwa kama aliyeridhika. Nilianza kupumua. Lakini alikuwa mtu wa kupenda kusoma, akaendelea kurudi nyuma, meseji moja baada ya nyingine, mpaka akaikuta ile sheria yangu ya herufi kubwa. Akaisoma mara mbili. Akaninyooshea simu ili nione mwenyewe nilichoandika, wala hakunifokea. Kisha akachukua kalamu, akanakili jina kama nilivyolihifadhi: jengo, ghorofa, chumba.

Nikamwomba. Nilimwomba kwa Kiingereza, kwa Kichina changu cha sokoni, nikajikuta namwomba hata kwa Kihaya. Akasema karatasi za mtu yule zitazungumza zenyewe, akatoka na kile kikaratasi.

Wakala alifika saa kumi na moja. Niliporudishiwa simu nikaanza kushuka ngazi. Nikapiga kwa Lulu, haipokelewi. Nikakimbia, mtu mzima na kilo zangu, napiga watu vikumbo. Ghorofa ya kumi na mbili mlango ulikuwa wazi. Chai ya Haroun ilikuwa mezani imefanya utando. Mwanakhamis alikuwa ameketi kitandani na pasipoti mbili mapajani, yake na ya mtoto. Ya tatu haikuwapo.

Lulu alisimama dirishani. "Shikamoo, madam," akasema, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Ni ile meseji yangu?"

Njiani nilikuwa nimeandaa uongo mzuri. Kwamba walikagua ghorofa nzima, kwamba kuna jirani kachongea. Lakini nilimtazama yule mtoto nikaona kwamba hatauamini, na atabeba mzigo ule peke yake mpaka uzee.

"Meseji ilikuwa yako," nikamwambia. "Sheria ilikuwa yangu. Na chumba chenu nilikiandika mimi, kwa mkono wangu. Wewe ulifanya nilichokuagiza. Mkosaji ni mimi, Lulu. Mama Lulu, ni mimi."

Mwanakhamis hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga. Alizikunja zile pasipoti kwenye khanga, taratibu, akasema, "Mwalimu, nenda nyumbani." Nikaenda.

Haroun walimshikilia hadi tiketi yake ikapatikana. Sikutuma kazi tena. Majina yote kwenye simu yangu niliyapunguza, moja moja, la Lulu nikalifuta kabisa, mpaka nikabaki na akina Kasmir watatu nisiowatofautisha. Mlio tu ndio sikuugusa.

Ilipita wiki na siku mbili. Nilikuwa Liuhua nabishania bei ya suruali, saa kumi kasoro kidogo, jogoo akawika mkobani. Mwenye duka akacheka kama kawaida. Nikafungua. Namba haikuwa na jina tena, lakini niliijua.

Aliandika kwa Kiingereza: Baba yuko nyumbani. Amepika wali, na sasa tunakula pamoja naye.

Nilisimama pale katikati ya suruali za watu nikalia, sikuona haya. Haroun siku ile alikuwa bado mahabusu. Tiketi yake ilikuwa ya kesho yake.

Nikamjibu: Alama kumi.