Okidi ya Audax

Bwana shamba alikuja asubuhi na debe la mafuta ya taa, na Apolonia akajua hakuja kuzungumza.

Agizo lilikuwa limetangazwa Temeke nzima: kila gogo la mnazi lililooza lichomwe. Humo ndimo anamozaliana chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi mpaka mti unakufa. Jirani yake, Mzee Noorali, alikwisha kupoteza minazi mingi. Na uani kwa Apolonia, kando ya ua wa makuti, lilikuwepo gogo lililooza hadi likawa laini kama mkate. Juu yake iliota okidi, ua la msituni.

Audax, mumewe, ndiye aliyeitoa msitu wa Pugu akaifunga pale. Sasa alikuwa hospitali ya kifua, mbali huko kaskazini. Kila barua yake iliulizia watoto, kisha ikaulizia okidi. Haikuwahi kuchanua, na mwaka huu ilikuwa na matumba. Apolonia hakuamini ndege mbaya wala nyota. Lakini alijua mumewe ameshikilia uhai wa ua hilo, na hakuwa mtu wa kumwandikia mgonjwa uongo.

"Hodi, Mama Didas," alisema bwana shamba, Elinaza.

"Umeshaingia. Hodi ya nini?"

Noorali alisimama nyuma yake, kofia mkononi. "Mama, mie sina ugomvi na ua lako. Nina ugomvi na kitanda chake."

"Kitanda hicho ndicho chakula chake, mzee. Linakula kilichooza. Ukilipanda kwenye udongo linakufa."

"Na chonga anakula hichohicho," Elinaza akasema. "Wanachangia sahani."

"Humu hayumo. Nalimwagia mwenyewe maji ya majani yaliyooza. Ningemwona."

"Kwa juu, sawa. Ndani je?"

Apolonia akachukua panga. "Nikikuta buu la chonga, choma. Nisipokuta, ondoka na debe lako."

"Haya."

Alianzia ncha iliyo mbali na mizizi. Panga lilizama bila sauti. Unga mweusi, nyuzi, jongoo mmoja aliyejikunja. Akasogea. Unga tena. Elinaza alianza kuangalia mlango wa kutokea. Apolonia akapiga karibu na okidi, akafunua kipande kwa ncha ya panga.

Buu lilikuwa nene kama kidole gumba, jeupe, kichwa cha kahawia, limelala katikati ya mizizi.

Wanaume walikuwa upande wa pili wa gogo. Mguu wake ulikuwa hapo hapo. Kulikanyaga lilikuwa jambo la mara moja. Aliinua kisigino. Kisha akaona, ng'ambo ya ua wa makuti, minazi ya Noorali iliyobaki vigogo vitupu bila vichwa.

Akashusha mguu pembeni.

"Huyu hapa," alisema.

Elinaza akafungua debe.

"Ngoja kwanza!"

"Mama Didas, agizo..."

"Agizo limetaja gogo. Halijataja ua. Weka chini debe hilo!"

Alipiga magoti, akabandua mizizi kwa vidole. Mingine ilikatika. Tumba likaanguka, na jingine. Alipoinuka na okidi mikononi lilibaki moja tu.

"Utaiweka wapi sasa?" Elinaza aliuliza. "Kikapuni itakauka."

Noorali ndiye aliyekohoa.

"Njoo."

Alimpeleka kwenye mnazi wake mchanga, mfupi wa kufikiwa kwa mkono. Kwenye vikwapa vya makuti yake palijaa tope jeusi la majani na kinyesi cha ndege, vimeoza pamoja.

"Chakula hicho," alisema. "Ila tazama hapa juu." Tundu, na unga mbichi ukitoka. "Chonga keshaingia. Mnazi ukifa, ua limekwenda nao."

"Waya unao?"

"Upo, wenye ndoano ya kumvutia nje. Ila mkwezi wangu kahama, na macho yangu mie hayafai tena."

"Ulete."

Alifunga okidi kwa kipande cha kanga yake, mizizi ndani ya tope lile. Nyuma yake gogo lilishika moto, moshi ukawafuata hadi pale. Macho yalimwasha. Hakuyafuta. Aliingiza waya tunduni, akausukuma taratibu, mpaka ukagusa kitu kigumu.

Kikasogea.

"Mzee," alisema bila kugeuka, "kalete lile debe la mafuta. Nikimvuta, tumtumbukize humo."